BAGIKA NA BAGALU: BIFU LA KIRAFIKI LA KANDA YA ZIWA LILILOANZA KABLA YA BABU WA BABU YAKO

Leo tunaweka pembeni kidogo habari za nani kamuacha nani na nani kanunua gari la mkopo. Tunaongelea bifu. Ila sio lile mnalolijua.

Lile mnalolijua ni hili: kuna mastaa wawili wa Bongo Fleva, majina tunayaacha hapo hapo maana wote mnawajua, mmoja akitoa ngoma tu mashabiki wa mwenzake wanaingia kwenye komenti kutukana. Watu wamegombana na mashemeji, wameblokiana na wadogo zao, kisa timu. Na ukiuliza bifu lenyewe lina miaka mingapi, halijafika hata umri wa mtoto wa sekondari. Na ukiuliza limemfaidisha nani, kimya.

Sasa duniani kuna watu wanajua kushindana kwa muda mrefu bila kufukuzana mjini. Huko Uingereza, vyuo viwili vikongwe, Oxford na Cambridge, vimekuwa vikicheza mechi ya gofu kila mmoja dhidi ya mwenzake tangu mwaka 1878. Kwenye gofu jambo hilo ni la kawaida kabisa: klabu mbili za zamani zinapanga siku yao, wanacheza, wanahesabu, aliyeshindwa anapokea utani wa kutosha, halafu wanakaa meza moja kula. Mwakani tena. Wajukuu wanakuja kucheza pale pale walipocheza babu zao.

Ukisikia hivyo unaweza kusema, ah, hayo ni mambo ya wazungu na viwanja vyao vya majani. Subiri kwanza. Panda basi hapo Musoma, pita Bunda, pita Lamadi, pita Magu. Kabla hujaingia Mwanza utafika Kisesa. Hapo jirani, kwenye kilima cha Bujora, kila mwezi Juni kuna mechi ya kirafiki ya pande mbili ambazo zilikuwa zinashindana hata kabla Oxford na Cambridge hawajapiga mpira wao wa kwanza wa gofu. Hawashindani kwa fimbo wala kwa mpira. Wanashindana kwa ngoma. Upande mmoja unaitwa Bagika, upande wa pili Bagalu.

NANI NI NANI

Twende taratibu. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na sisi wa Mara ni majirani zao wa mlango kwa mlango. Bunda ina vijiji ambavyo ukiamka asubuhi unasikia Kisukuma kuliko Kijita. Kwa hiyo usije ukasema haya hayatuhusu.

Simulizi inayotunzwa Bujora inasema hivi. Katikati ya karne ya 19 kulikuwa na watu wawili maarufu sana Usukumani, mmoja anaitwa Ngika, mwingine Gumha. Wote wawili walikuwa waganga, na wote wawili walikuwa manju wa ngoma, yaani viongozi wa kuimbisha na kuchezesha watu. Zama hizo huwezi kutenganisha hivyo vitu viwili. Mganga mwenye dawa kali alitakiwa aonyeshe ukali wake mbele za watu, sio kujisifia nyumbani.

Ikaja ile hoja ya kawaida ya binadamu: kati ya hawa wawili, dawa ya nani ina nguvu zaidi?

Hapa ndipo ninapowapenda wale wazee. Wangeweza kupigana. Wangeweza kutuma watu wachomeane nyumba. Badala yake wakatafuta kipimo ambacho kila mtu anaweza kukiona kwa macho. Kila mmoja akalete watu wake, wapige ngoma siku moja, uwanja mmoja, muda mmoja. Atakayevuta watu wengi ndiye mwenye dawa. Basi.

Waliomfuata Ngika wakaitwa Bagika. Wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Ngika na Gumha walikufa zamani, lakini zile pande mbili hazikufa. Kundi la ngoma la asili Usukumani lina upande wake, ama huku ama kule. Unaweza kukuta aina moja ya uchezaji, mavazi yanafanana, ngoma zinafanana, lakini hawa Bagika na wale Bagalu.

Na kitu cha kuzingatia ni kwamba huo sio mgawanyo wa ukoo. Sio kwamba wa mashariki ni Bagika na wa magharibi ni Bagalu. Sio matajiri huku na maskini kule. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na pande zote mbili. Mtu anaingia upande kwa kufundishwa na manju wa upande huo. Kumbuka hiyo pointi, tutairudia baadaye kwa sababu ndiyo inayobeba story yote.

UWANJANI INAKUWAJE

Hebu vuta picha. Ni mwezi wa sita au wa saba. Mavuno yameshaingia ndani, watu wana chakula na muda. Uwanja mkubwa wa wazi. Bagika wako upande huu, Bagalu wako upande ule. Halafu, tofauti kabisa na matamasha yetu ambapo msanii mmoja anamaliza ndio mwingine apande, hawa wanaanza WOTE KWA PAMOJA.

Hakuna meza ya majaji wenye vibao vya namba. Hakuna kura za kutuma kwa simu. Hakimu ni wewe uliyekuja kuangalia. Umesimama kwa Bagika, ghafla unasikia kelele upande wa Bagalu, unageuka, unaona watu wanakimbilia huko, nawe unakimbia. Dakika kumi baadaye Bagika wanafanya kitu, umati wote unarudi kama maji ya ziwa yakipigwa na upepo. Mwisho wa siku, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Yaani kura yako ni miguu yako.

Ndio maana hawa watu walikuwa wabunifu kupita maelezo. Ukiwa na mpinzani mita chache tu kutoka hapo ulipo, ambaye anaweza kukunyang'anya watu wako wakati bado unaimba, huwezi kulala. Lazima kila mwaka uje na kitu ambacho hakijaonekana.

Kuna waliokuja na nyoka. Wasukuma wana chama cha wataalamu wa nyoka, Bayeye, ambao wanajua kuwakamata na wanajua dawa za mtu aliyeumwa. Hao wakiingia uwanjani na chatu mzima mzima shingoni, nani atabaki upande wa pili? Kuna wawindaji wa nungunungu, nao wakageuza ujuzi wao wa porini kuwa uchezaji. Wengine walichonga watu wa mbao, masanamu, wakayaficha mpaka wakati muafaka, halafu wakayatoa katikati ya ngoma umati ukashangaa. Masanamu ya aina hiyo leo yamekaa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, yamewekwa kwenye kioo na taa kali, watu wanayatazama kimya kimya kama kanisani. Kumbe yalichongwa ili watu wapige kelele na kukimbia. Kiki za uwanjani, ndugu zangu. Kiki za kistaarabu.

Na nyimbo je? Wale manju ndio walikuwa watunzi. Nyimbo zilikuwa na sifa, habari za kijiji, mafundisho, na ndiyo, mafumbo ya kumchoma manju wa upande wa pili. Ukidhani kumrushia mwenzako vijembe kwenye ngoma kulianza na rapa fulani wa Marekani, ulichelewa kuzaliwa.

JEMBE NALO LIKAINGIA

Ngoma ambayo wengi wetu tunaijua hata kama hatujui jina lake ni bugobogobo. Ile ya vijana na majembe. Wanarusha jembe juu, wanalizungusha, wanalidaka, wanapiga udongo kwa mpigo mmoja na ngoma. Umeiona kwenye harusi, umeiona kwenye mapokezi ya kiongozi fulani.

Bugobogobo haikuanza kama shoo. Ilikuwa kazi. Vijana walijiunga kwenye vikundi vya kulima, wanaenda shamba la mtu, ngoma inapigwa pembeni, wao wanalima kwa kufuata mdundo. Mwili unachoka taratibu ukiwa unafuata mdundo, hilo hata wanaoenda gym wanalijua. Mwenye shamba anawalipa fedha au anatoa ng'ombe, wanachinja wanakula.

Pamba ilipokuja kuwa zao kubwa la Kanda ya Ziwa wakati wa mkoloni, mashamba yakawa makubwa na mikono ikahitajika zaidi. Hapa ongeza na kijana wa kwetu kwenye picha: Paul Bomani, aliyezaliwa Ikizu, huku Bunda, mwaka 1925. Ndiye aliyekuja kuwaunganisha wakulima wa pamba mpaka mwaka 1955 wakawa na Victoria Federation of Cooperative Unions, muungano mkubwa wa ushirika wa pamba uliowapa nguvu wakulima Waafrika kuuza mali yao wenyewe. Watu wanasoma historia ya pamba wanakuta mikutano, mizani na majina ya viongozi. Lakini shambani kwenyewe, pamba hiyo ililimwa pia na vijana wenye majembe na ngoma, Bagika huku, Bagalu kule. Mtafiti wa Kimarekani, Frank Gunderson, alitoa kitabu kizima mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma. Kitabu kizima! Sisi tunazitumia kama kionjo cha sekunde 15.

PADRI ALIYEFUNGUA MLANGO

Sasa, wamisionari wengi wa zamani hawakuwa marafiki wa ngoma. Waliona dawa, hirizi na nyoka, wakasema ni upagani, acheni. Wakristo wengi wa kwanza wakaambiwa wachague: kanisa au ngoma.

Miaka ya 1950 akaja Bujora padri mmoja kutoka Kanada, David Clement, wa shirika la White Fathers. Huyu akajiuliza swali tofauti. Kama watu wanatembea siku nzima kufuata ngoma, kwa nini ngoma isije kanisani? Akashirikiana na wazee wa Kisukuma kukusanya nyimbo, ngoma, vifaa vya watemi na kumbukumbu za waganga. Kanisa la Bujora akalijaza alama za Kisukuma. Mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa, na mpaka leo yapo: ngoma za watemi, vifaa vya waganga, na sehemu maalumu inayoonyesha Bagika na Bagalu.

Ila kazi yake kubwa kwangu mimi ni tamasha. Wakatoliki wana sikukuu ya Ekaristi, ambapo watu wanaandamana na maua yanatupwa njiani. Jina Bulabo linatokana na neno la Kisukuma la maua. Sikukuu yenyewe ikaitwa Bulabo, na baada ya ibada, ngoma zikaruhusiwa. Sio kuruhusiwa tu, zikashindanishwa. Bagika na Bagalu, kama enzi za Ngika na Gumha, ila sasa wamekutana nje ya kanisa.

Unaweza kubishana kuhusu hilo. Wapo wanaosema kanisa liliichukua ngoma likaifuga. Wapo wanaosema bila Bujora tungekuwa tunaisoma kwenye vitabu vya Wajerumani. Mimi naona yote mawili yana ukweli. Lakini mechi ilipata uwanja wa kudumu na tarehe ya kudumu, na utamaduni usio na tarehe kwenye kalenda unapotea haraka.

KWA NINI HII ILIDUMU NA NYINGINE ZIKAFA?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike leo. Maana Bagika na Bagalu sio ngoma pekee ya pande mbili iliyowahi kuwepo nchi hii.

Pwani kulikuwa na beni. Ilianza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, watu wakacheza kwa kuiga bendi za kijeshi, na sare, na vyeo, na tarumbeta. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikasambaa Tanganyika nzima ikiwa na pande mbili: Marini na Arinoti. Dar walikuwepo, Tanga walikuwepo, mpaka miji ya bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Ilikuwa moto kweli kweli. Leo muulize kijana yeyote wa Dar yeye ni Marini au Arinoti, atadhani unamuuliza mtandao wa simu.

Sababu za beni kufa ni nyingi, zikiwemo dansi na bendi mpya zilizokuja baadaye. Lakini angalia kitu kimoja. Marini walionekana ni watu wa juu, makarani, watu wa pwani wenye kujiona. Arinoti walionekana ni wa chini, wengi wa kuja mjini kutoka bara. Sasa bifu likiwa limejengwa juu ya nani bora kuliko nani mtaani, siku mtaa ukibadilika, bifu nalo linakosa pa kukaa. Uhuru ulipokuja, hiyo ngazi ya zamani ya karani na mchukuzi ikaanza kuvunjika.

Bagika na Bagalu hawakugawana watu kwa cheo wala kwa pesa. Ile pointi niliyosema tutairudia ndiyo hii. Huwezi kumdharau wa upande wa pili kwa alichozaliwa nacho, kwa sababu amezaliwa na vile vile ulivyozaliwa navyo wewe. Unaweza tu kumshinda kwa kucheza.

Wacheza gofu nao walilijua hili kwa njia yao. Wana utaratibu ambao mchezaji dhaifu anapewa nafuu ya mapigo kadhaa kabla ya mechi kuanza, ili akutane na bingwa na bado mechi iwe na maana. Wanajua kwamba mechi ambayo matokeo yake yanajulikana tangu asubuhi haina mtu wa kuirudia mwakani. Wasukuma hawakuhitaji hesabu za mapigo. Wao walimwachia mtazamaji miguu yake. Leo umati umeenda Bagalu? Sawa. Jiandae, tafuta nyoka mkubwa zaidi, tunga wimbo mtamu zaidi, mwakani warudishe.

Na kuna jambo la pili, ambalo timu zetu za mitandaoni hazitaki kulisikia. Kwenye mchezo huu huwezi kushinda peke yako. Ushindi wa Bagika unapimwa kwa watu waliotoka kwa Bagalu kuja kwao. Bagalu wasipokuja uwanjani, Bagika hawajashinda, wamecheza tu. Kwa hiyo anayemtakia mpinzani wake afe, apotee, afungiwe akaunti, anaua na ushindi wake mwenyewe. Ngika alimhitaji Gumha. Bila Gumha, Ngika ni mganga mmoja kati ya waganga wengi, na sisi leo tusingelijua jina lake.

TUSIPAKE RANGI, KULIKUWA NA GIZA PIA

Sitaki kuwauzia picha ya malaika. Mashindano haya yalizaliwa kwenye dawa, na dawa haikuwa ya kuvuta watu tu. Kuna imani kwamba upande mmoja unaweza kuufunga mwingine: ngoma ipasuke katikati ya mchezo, manju apoteze sauti, mvua inyeshe. Ndiyo maana wachezaji walijikinga kabla ya kuingia uwanjani. Na ukishaamini kwamba umeshindwa kwa sababu umelogwa, sio kwa sababu mwenzako alijiandaa, umeshafungua mlango mbaya.

Kanda yetu ya Ziwa tunaujua huo mlango. Tuhuma za uchawi zimeua vikongwe wasio na hatia, wengine kisa macho mekundu ya kupikia moshi wa kuni miaka yote. Sisemi ngoma ndiyo iliyosababisha, hapana. Nasema imani ile ile ya kumtafuta mchawi wa kila hasara inaweza kukaa uwanjani ikacheka, na inaweza kurudi nyumbani ikaua. Wale wazee walichofanya cha maana ni kuitoa ile hasira ya dawa na kuiweka mchana kweupe, mbele za watu, ikahesabika kwa vichwa vya watazamaji. Mahali ambapo hasira haikupata uwanja, ilitafuta mtu.

SASA HIVI IKOJE

Mwalimu Nyerere wa Butiama alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka ngoma za makabila zirudi kuheshimika baada ya mkoloni kuwafanya watu wazionee aibu. Zikaingia mashuleni, zikaingia jukwaani. Bugobogobo ikatoka shambani Usukumani ikawa ngoma ya taifa zima, mpaka wanafunzi wa sanaa Bagamoyo wanajifunza kurusha jembe. Hilo ni jambo jema, silipingi.

Ila tazama kilichobaki njiani. Bugobogobo ya jukwaani inachezwa na kundi moja. Linaitwa kwenye harusi, linacheza dakika ishirini, linalipwa, linaondoka. Linaitwa kwenye kampeni, linaimba jina la mgombea, linalipwa, linaondoka. Wacheza ni wazuri, majembe yanapaa, tunapiga video. Lakini hakuna upande wa pili. Hakuna anayeweza kuwanyang'anya watu. Hakuna sababu ya kuleta kitu kipya mwakani, maana mwenye harusi wa mwakani ni mwingine na hajawahi kuwaona.

Kikundi cha namna hiyo kinaweza kurudia shoo moja miaka kumi. Ndio ile tunaiona. Halafu kijana wa miaka 19 anaangalia anasema, ah, ngoma za asili ni zile zile tu kila siku. Hajakosea alichokiona. Ila hajaiona ngoma, ameona nusu yake.

Na jambo la kuchekesha ni kwamba nusu nyingine ipo kwenye simu yake. Nenda YouTube uangalie nyimbo za wasanii wa asili wa Kisukuma zinavyotazamwa. Kuna watu mjini hawajawahi kusikia majina yao, lakini kwenye minada na masherehe ya vijijini, kutoka Lamadi mpaka Kahama, ni mastaa wakubwa. Nao wana wapinzani wao, wanarushiana mafumbo, mashabiki wanahama huku na kule. Ule moto wa kushindana haukuzimika, ila umehama uwanja. Tatizo ni kwamba kwenye simu hakuna uwanja mmoja. Mshabiki wa huyu hamuoni mshabiki wa yule uso kwa uso, hawasikii ngoma mbili kwa wakati mmoja, hawali pamoja jioni. Kule Bujora ukihama upande, unapishana katikati ya uwanja na jirani yako anayehama kuja ulikotoka wewe. Mnacheka. Kwenye simu mnablokiana.

TUFANYE NINI BASI

Sio lazima kila kitu tusubiri serikali au mfadhili. Ukiwa na harusi na una bajeti ya kikundi kimoja cha ngoma, jaribu kuita viwili vidogo, uwaweke pande mbili za uwanja, uwaambie waanze pamoja, wageni wako ndio majaji. Utaona watu watakavyoinuka kwenye viti. Shule zetu za Musoma na Bunda zina mashindano ya ngoma; badala ya walimu watatu mezani na kalamu, siku moja waacheni wanafunzi wapige kura kwa miguu. Na hata kama kwenu sio Wasukuma, utaratibu huu hauna kabila. Sisi wa Mara tuna ngoma zetu, tuna ritungu la Wakurya, tuna manju wetu. Tunachokosa sio wachezaji. Tunakosa mpinzani aliyesimama upande wa pili wa uwanja siku hiyo hiyo.

Na kama una nafasi Juni hii, nauli ya kwenda Kisesa sio kubwa kama ya kwenda Dar kuangalia tamasha la msanii atakayechelewa masaa manne. Nenda ukasimame katikati, usikilize ngoma mbili zikikuvuta kwa wakati mmoja, halafu uone miguu yako inaelekea wapi.

Wale wenye bibi na babu Usukumani, ulizeni nyumbani leo: ukoo wenu ulicheza upande gani? Kisha njooni hapa chini mtuambie. Bagika wakae huku, Bagalu wakae kule. Matusi hapana. Vijembe ruksa.